Swali la Kumi na Nne

Kazi yake ilikuwa kuuliza. Kwa miaka tisa alikuwa akibisha hodi kwenye nyumba za watu asiowajua, akaketi pale alipoonyeshwa, akauliza. Aliwahi kuuliza watu wanafulia sabuni gani na kwa nini. Aliwahi kuuliza kama chandarua walichopewa wanakilalia au wamekifunikia vifaranga. Aliuliza kuhusu simu, dawa ya meno, maziwa ya kopo, na mara moja, kwa wiki tatu nzima, kuhusu rangi za kuta. Watoto wa mtaani kwake walimwita Bi Maswali, wakubwa nao wakalidaka jina hilo, hata mwenye duka la pembeni akimwona anakuja alisema, "Haya, leo nauliza mimi: unataka nini?"

Mwaka huu maswali yalikuwa ya hali ya hewa. Ofisi inayotoa matangazo ya tahadhari ilitaka kujua watu wanafikiri nini juu ya mabadiliko ya tabianchi, wanamwamini nani anapoyazungumzia, na, hili ndilo lililokuwa na haraka, kama wanayaelewa matangazo inayowatumia. Kituo cha utafiti ambacho Bi Maswali alifanyia kazi za msimu kilipewa jukumu la kwenda kuuliza. Majibu yangetumika kuandika tangazo la msimu wa mvua, na msimu ulikuwa umebakiza wiki saba kuanza.

Wadodosaji walikuwa sita. Bi Maswali alipangiwa bondeni, zile nyumba zilizobanana kando ya mto, kwa sababu wengine walilalamikia matope na mbwa, na kwa sababu yeye alizijua njia zake. Dada yake mkubwa aliishi huko. Nyumba ya dada aliiruka, maana kanuni ilikataza kumhoji ndugu.

Kanuni zilikuwa nyingi. Aliyewafundisha ni mkuu wa utafiti, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye wote walimwita Daktari ingawa hakuwahi kumtibu mtu.

"Soma swali kama lilivyoandikwa," alisema. "Akisema hajaelewa, lisome tena vilevile. Akinyamaza, nyamaza naye. Hesabu moyoni mpaka ishirini. Ukifika ishirini naye bado kimya, jaza 'sijui', songa mbele. Usimwokoe."

Mdodosaji mmoja, mwanamume wa makamo aliyeitwa Mrefu kwa sababu hakuna jina jingine lililomkaa, aliinua mkono. "Sasa Daktari, hata akizama nisimwokoe?"

"Akizama mwokoe. Akishindwa kujibu, mwache."

Walicheka wote. Bi Maswali naye alicheka, akaandika kwenye daftari lake: ishirini.

Siku za kwanza alihesabu kweli. Alikaa kwenye viti vya plastiki, kwenye vizingiti, juu ya ndoo zilizogeuzwa, tableti ikiwa magotini, akauliza. Na watu wa bondeni walikuwa watamu kuulizwa. Alipowauliza wana wasiwasi kiasi gani kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mama mmoja alijibu, "Mimi wasiwasi wangu wote ameuchukua mwenye nyumba. Huyo mwingine asubiri." Mwokaji mikate alisema tabianchi hajawahi kuiona, lakini mto anauona kila siku. "Zamani ulikuwa na adabu," alisema. "Ukitaka kupanda unaonyesha dalili tangu asubuhi. Siku hizi unaingia kama mgeni asiyebisha hodi." Bi Maswali aliyajaza yote, neno kwa neno, na moyoni aliona kazi hii ina maana kuliko sabuni.

Tatizo lilikuwa kipengele cha kumi na nne. Hapo mdodosaji alitakiwa kusoma tangazo lenyewe: *Kuna uwezekano wa asilimia sitini wa mvua kubwa kuliko kawaida katika kipindi cha siku kumi zijazo. Wakazi wa maeneo hatarishi wanashauriwa kuchukua tahadhari stahiki.* Halafu aulize: kwa maneno yako mwenyewe, tangazo hili linakutaka ufanye nini?

Aliyemvunja ni mzee mmoja, mlinzi mstaafu. Alikuwa ameketi mbele ya mkewe na mke wa mwanawe, na kwa heshima ya shughuli alivaa miwani ijapokuwa hakukuwa na cha kusoma. Maswali kumi na matatu aliyajibu kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti. Kwenye la kumi na nne alisema haraka, "Kuchukua tahadhari."

"Tahadhari gani hasa?" Hilo liliruhusiwa, liliandikwa.

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sakafu. Mke wa mwana akajifanya anamfuta mtoto pua, na mtoto hakuwa na kamasi. Bi Maswali alihesabu: tatu, nne, tano. Shingo ya mzee ilianza kulowa jasho. Kwenye sita alishindwa.

"Yaani kama vile kuhamisha vitu mapema," alisema kwa upole, "kuwapeleka watoto kule juu..."

"Ee! Hivyo hivyo! Kuhamisha vitu, kupeleka watoto juu." Mzee alishusha mabega. Mkewe alitabasamu. Chumba kizima kilipata hewa, na Bi Maswali akajaza: *ameelewa, atahamisha vitu na kuwapeleka watoto mahali pa juu.*

Kabla hajawa mdodosaji alisomea ualimu, miaka miwili chuoni, akahitimu mwaka ambao ajira zilifungwa. Huko alifundishwa kwamba mwanafunzi asiachwe amesimama na aibu mbele ya wenzake. Mpe mkia wa jibu, alivute mwenyewe. Ajira hazikuja, ila mafunzo hayakumtoka. Baada ya mzee yule, kila kimya kilipoanza, mkia wa jibu ulimtoka wenyewe. Hakuuhesabu kama udanganyifu. Watu walifurahi, yeye aliondoka amewaacha na neno la maana, na tangu siku hiyo safu ya "sijui" kwenye fomu zake ilibaki nyeupe. Kazi ilimwendea vizuri hivi kwamba hakujiuliza chochote, yeye aliyeishi kwa kuuliza.

Ijumaa ya wiki ya tatu Daktari aliwaita wote kwenye chumba cha mikutano, chumba chenye feni moja iliyogoma, akawaonyesha matokeo ukutani. Mtaa wa mlimani, alikofanya Mrefu, watu thelathini na wanane katika mia ndio walioelewa tangazo linawataka wafanye nini. Mitaa ya kati, arobaini na wawili. Bondeni, themanini na mmoja.

Mtu alipiga mluzi.

"Mimi pia nilishtuka," Daktari alisema. "Nikalikalia siku mbili. Lakini ukifikiri, inaeleweka. Watu wa bondeni maji yameshawaingia ndani. Aliyeonja haelezwi. Tangazo hili limeandikwa kwa ajili yao, na wao wanalielewa. Kwa hiyo ofisi italitoa kama lilivyo. Ripoti inaondoka leo."

"Bi Maswali, hongera," Mrefu alisema akimgonga begani. "Tangu wiki ya kwanza huna 'sijui' hata moja! Watu wako wana digrii?"

Walicheka tena, na safari hii Bi Maswali hakuweza. Aliitazama ile themanini na moja ukutani kama mtu anayeiona picha yake mwenyewe mahali ambapo hakupigwa. Nyumba nyingi kati ya mia na ishirini alizoingia bondeni zilikuwa zimelielewa tangazo, ndiyo, kwa sababu yeye alikuwa ameketi ndani. Nyumba zingine, maelfu, zingelisikia kwenye redio na kulisoma kwenye simu, na hakuna mtu ambaye angeketi mlangoni kuwapa mkia wa jibu.

Alitaka kusema pale pale. Alisubiri Daktari amalize, akasubiri wenzake watoke, na Daktari alipotoka akizungumza na simu, naye alitoka.

Nyumbani mume wake, fundi redio, alikuwa amefungua redio ya mtu juu ya meza ya kulia, jambo ambalo siku nyingine lingeleta kelele. Leo alipita bila neno.

"Kuna nini?" mume aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Wewe ukikaa kimya nyumba hii inaumwa. Sema."

Alimweleza. Mume alisikiliza huku bisibisi ikiwa imesimama hewani.

"Kwani umeiba?" alisema mwishowe. "Umewaelimisha watu mia. Wangekupa cheti."

"Sikutumwa kuelimisha. Nilitumwa kujua kama wanajua."

"Ukisema, watakuondoa."

"Najua."

"Na usiposema?"

"Tangazo litatoka hivyo hivyo."

Mume alirudisha bisibisi kwenye skrubu, akaizungusha nusu, akaacha. "Na dada yupo kule kule."

"Nilikuwa naomba usimtaje," alisema Bi Maswali, akaingia chumbani kubadilisha nguo, akakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi mpaka mume alipokuja kumwita chai.

Jumamosi mchana alishuka bondeni. Alijiambia anakwenda kumsalimia dada. Dada, mjane, alikuwa barazani na cherehani yake, akishona sketi za shule, wajukuu wake wawili wamelala mkekani nyuma yake. Mto ulikuwa hatua mia mbili hivi kutoka pale, umelala chini kabisa kati ya mawe, hata mtu angeweza kuucheka.

"Karibu, Bi Maswali," dada alisema bila kuinua macho. "Leo ni sabuni au ni rangi?"

"Hata salamu hunipi, dada?"

"Nikikupa salamu utaiandika. Kaa."

Alikaa. Walizungumza mambo ya afya, ya wajukuu, ya zipu zinazokatika. Kisha Bi Maswali akasema, "Nataka nikusomee kitu. Halafu nikuulize swali moja tu."

"Enhe. Nilijua tu."

Alilisoma lile tangazo kama lilivyoandikwa, taratibu. Dada aliendelea kushona mpaka mwisho.

"Kiswahili cha waliovaa tai," alisema.

"Linakutaka ufanye nini?"

"Nichukue tahadhari."

"Tahadhari gani hasa?"

Cherehani ilisimama. Bi Maswali alianza kuhesabu. Hakuwa amewahi kufika ishirini tangu siku ya yule mzee, na sasa alifahamu ni safari ndefu kiasi gani. Kwenye saba dada alikunja uso. Kwenye kumi na moja alicheka kidogo. Kwenye kumi na tano kicheko kiliisha, ikabaki aibu tupu, na aibu ya dada mkubwa mbele ya mdogo wake ni kitu kinachouma kukitazama. Bi Maswali alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili. Kumi na nane. Kumi na tisa.

"Si wewe ndiye uliyesoma?" dada alisema. "Niambie basi."

"Kwa unavyoelewa wewe, dada."

"Kwa ninavyoelewa mimi..." Dada alitazama mtoni. "Wamesema sitini. Kwa hiyo arobaini ni yetu, huenda isinyeshe. Na hayo maeneo hatarishi si kule darajani? Hapa siyo hatarishi. Hapa ni kwangu."

"Mwaka juzi maji yalifika wapi?"

"Usawa wa kitanda. Lakini ule ulikuwa mwaka juzi."

"Kwa hiyo ukilisikia tangazo hili utafanya nini?"

"Nitamaliza sketi hizi," dada alisema, na mguu wake ukarudi kwenye kanyagio.

Bi Maswali alimweleza, bila shaka. Alimweleza kwa maneno mafupi aondoke lini na awabebe nani. Dada alisikiliza vizuri, kisha akauliza kile ambacho Bi Maswali aliondoka nacho kama jiwe ndani ya kiatu: "Sasa mbona hawasemi hivyo?"

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla hata mfagiaji hajamaliza korido. Alikuwa amejiandalia maneno tangu jana, yenye utangulizi na maelezo, na yote yakayeyuka.

"Majibu ya bondeni siyo yao," alisema. "Ni yangu."

Daktari alikuwa anafungua mkoba. Aliendelea kuufungua, akatoa kalamu, akaifunga zipu. "Maswali yote?"

"La kumi na nne. Nyumba za mwanzo, labda ishirini, niliwaacha wajibu. Baada ya hapo niliwasaidia."

"Uliwasaidia."

"Walikuwa wanaona aibu, Daktari. Nilishindwa kukaa nayo."

Ilifuata kimya, na Bi Maswali, kwa mazoea mapya, akajikuta anahesabu. Alifika kumi na tatu.

"Unajua nilijiuliza," Daktari alisema kwa ile sauti yake ya chini, ambayo sasa ilikuwa ngumu kuisikia. "Themanini na moja. Mtoto wa darasa la kwanza angeuliza. Mimi nikajitungia sababu, ikanipendeza, nikaiandika. Kwamba walioonja wanaelewa." Alivua miwani. "Kosa lako ni lako. Lakini hili la kwangu nalo ni kubwa."

Bi Maswali alikuwa amejitayarisha kufokewa.

"Baada ya kazi hii sitakuita tena kwa muda. Nadhani unalielewa hilo."

"Nalielewa."

"Lakini hii bado haijaisha. Nyumba ulizoingia hazifai tena, umeshawafundisha. Utakwenda za jirani. Utauliza wewe, kwa sababu milango ya kule inakufungukia. Mrefu atakaa pembeni akikuangalia mdomo."

Kisha Daktari alipiga simu ofisi ya matangazo mbele yake. Bi Maswali alisikia upande mmoja tu: hapana, si marekebisho madogo, ndiyo, naelewa limeshapelekwa kuchapwa, ndiyo, ni sisi, ni sisi. Wiki zilizobaki kabla ya mvua zilikuwa nne. Walipewa siku tisa.

Asubuhi ya kwanza mama kijana aliyekuwa anachambua mchele alinyamaza kwenye swali la kumi na nne, na mikono yake ikaendelea kuchambua mahali ambapo hapakuwa na mchele. Bi Maswali alimtazama Mrefu. Mrefu alikuwa anamtazama mdomo, kama alivyoagizwa, kwa macho ya mtu anayesikitika. Ishirini. Alijaza *sijui*. Walipotoka, Mrefu alisema, "Umeweza."

"Nyinyi wengine mnawezaje?"

"Mimi naangalia kiatu changu," alisema Mrefu. "Nina viatu vibaya, nikiviangalia namsahau mtu."

Usiku wa tatu mvua ilinyesha kidogo, mvua isiyo ya msimu, ikakoma kabla ya alfajiri. Ilimtosha kumtoa kitandani mara mbili kwenda kusikiliza dirishani. Mume alimwambia matone hayo hayawezi kujaza hata ndoo, na alisema kweli, lakini Bi Maswali alikuwa ameanza kuhesabu kila tone kwa niaba ya watu ambao walidhani arobaini ni yao.

Katika nyumba tisini na sita mpya, zilizoelewa zilikuwa kumi na nane. Walio wengi walirudia "kuchukua tahadhari" kama wanavyorudia jina la mtu wasiyemfahamu. Karibu wote walisema maeneo hatarishi ni pale kwa jirani.

Ofisi ya matangazo, kwa mshangao wa kila mtu, haikubisha. Ilisema tangazo linaweza kubadilishwa mradi maneno mapya yafike Ijumaa, yakiwa yamejaribiwa. Daktari alimwita Bi Maswali, akasukuma karatasi tupu mbele yake.

"Ulipokuwa unawasaidia, uliwaambiaje? Maneno yenyewe."

Bi Maswali alishika kalamu. Alifumba macho, akamkumbuka mzee, muuza mkaa, mama mwenye mapacha, dada. Kila mmoja alimwambia kivingine. Mzee alimwambia kwa heshima, muuza mkaa kwa utani, mama kwa kumtajia watoto. Alikuwa amewaambia nyuso, hakuwahi kutunga sentensi.

"Sikumbuki," alisema, na uso ukamwaka. "Nilikuwa namwangalia mtu, maneno yanakuja."

"Redio haimwangalii mtu," Daktari alisema, bila ukali.

Walikaa watatu mpaka saa kumi, Daktari, Bi Maswali na Mrefu, wakiandika na kufuta. Asilimia ilitoka kwanza. Daktari aliitetea kidogo, maana ilikuwa kweli na ilikuwa kazi ya watu, kisha akaikata kwa mstari mmoja. Maeneo hatarishi yakatoka, yakaingia daraja na machinjio. Mwishowe walibaki na hili: *Mvua kubwa inakuja. Wewe unayekaa bondeni, kuanzia kwenye daraja mpaka kwenye machinjio, usisubiri uone maji. Chukua watoto na wazee, nendeni shuleni leo kabla ya giza.*

"Hata mimi ninayekaa mlimani nimesikia baridi," alisema Mrefu.

Alhamisi asubuhi walishuka kulijaribu kwenye nyumba ishirini ambazo hazijawahi kuulizwa chochote. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa vilima, ya kijivu, hayana haraka. Bi Maswali alikwepa kuyatazama.

Nyumba ya kwanza, fundi viatu: tangazo linakutaka ufanye nini? "Nichukue familia niende shuleni." Hakufikiri hata kidogo. Nyumba ya pili: "Niende shuleni kabla ya giza." Ya tatu, bibi aliyesikia kwa sikio moja: "Wananihamisha shuleni, wamekuwa na akili lini?" Ya nne, ya tano. Hakukuwa na kimya popote, hapakuwa na cha kuhesabu. Kufikia nyumba ya nane kifua chake kilikuwa kimelegea kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa, na Mrefu alikuwa ameacha kumwangalia mdomo akaanza kusalimiana na mbwa.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya msusi. Alikuwa barazani amemweka mteja kati ya magoti yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Soma tu, mdogo wangu, mikono yangu haisikilizi, masikio yanasikiliza."

Bi Maswali alisoma. Akauliza.

"Niondoke niende shuleni na watoto," alisema msusi.

Bi Maswali alianza kujaza. *Ameelewa.*

"Shule ipi?" msusi aliuliza.

Kidole kilibaki juu ya tableti.

"Ya chini, si ndiyo iliyo karibu?" mteja alisema kutoka kati ya magoti. "Ile ya juu kuna kupanda. Mimi na goti hili?"

"Ya chini, kweli," alisema msusi akichomoa fungu jingine la nywele. "Watoto wanasoma pale pale, hata njia wanaijua."

Shule ya chini ilikuwa mbele ya machinjio, uwanja wake wa mpira ukiishia mtoni. Mwaka juzi madawati yake yaliokotwa siku mbili baadaye, mbali kabisa, yakiwa yamekwama kwenye matete. Watatu walioandika tangazo lile waliifikiria shule ya juu tu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye mpango wa ofisi, na kwao neno "shuleni" lilikuwa na jengo moja.

Bi Maswali alifungua mdomo. Mrefu, ambaye alikuwa ameinama kwa mbwa, aliinuka akamtazama. Fomu ilikuwa bado wazi. Aliufunga mdomo, akaandika maneno ya msusi kama yalivyotoka: *Shule ipi? Ya chini, iko karibu.* Akasoma swali la mwisho, la umri. Akajaza umri. Akaomba saini, na msusi aliyekuwa na mafuta mikononi alichukua muda mrefu kuifuta mikono hiyo kwenye kanga, kidole kwa kidole, huku akisimulia habari za mteja aliyekimbia na vitana vyake. Akasaini. Bi Maswali akabonyeza *funga*.

"Ya juu," alisema. "Mama, ya juu, siyo ya chini. Hata kama ni mbali, hata kama goti linauma. Ya chini iko mtoni."

Msusi alimtazama, sega likiwa hewani. "Sasa mbona hamkusema?"

"Tutasema," alisema Bi Maswali, na kusema kweli hakujua kama watawahi. Ilikuwa karibu saa sita. Ijumaa ilikuwa kesho. Wale wanane wa mwanzo walikuwa wamejibu "shuleni" kwa haraka na kwa furaha, naye hakumuuliza hata mmoja wao ipi, kwa sababu jibu lilikuwa zuri na yeye alikuwa amechoka kuogopa.

Mrefu alikuwa ameshatoa simu. "Nampigia Daktari," alisema. "Nimwambie nini?"

"Mwambie shule iandikwe kwa jina lake. Mwambie asiipeleke karatasi popote mpaka nimalize."

Simu ilianza kuita. Bi Maswali hakungoja ipokelewe. Alipandisha gauni lisiguse matope, akarudi mbio mbio kwenye njia waliyojia, kuelekea kwa fundi viatu, ambaye alikuwa na uhakika kabisa anakokwenda.